Gari Moja na Mshtakiwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua chumba saa moja kasoro. Kufuli gumu kama kawaida. Nimefagia, nimepanga viti, nimechemsha maji ya chai. Mpaka mwaka jana hiki kilikuwa stoo ya baiskeli zilizokamatwa na mabati ya wizi. Bado kinanuka grisi. Lakini kina mlango, na mlango unafungwa.

Tangu nianze kazi Dawati la Jinsia na Watoto nimekuwa nikiandika maelezo ya wanawake pale kaunta, aliyeibiwa pikipiki kasimama kushoto, mlevi kakaa kulia, wote masikio wazi. Mwanamke anaanza kusema, anamwona shemeji yake anaingia, anageuza: amekuja kuulizia kitambulisho.

Koplo Daudi anauliza baiskeli zake azihifadhi wapi. Nimemwambia aende akalale nazo.

Utaratibu mpya unakuja na mtu. Mwendesha mashtaka wa Njombe atakuwa anakuja kituoni kwetu Makambako kila Alhamisi, asome majalada tangu siku ya kwanza badala ya kungoja tumpelekee. Sijafurahi. Nimevaa sare hii tangu binti yangu hajazaliwa, na leo yuko kidato cha nne. Sasa nasimamiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Amefika. Wakili wa Serikali, jina lake Rehema, mtu wa Tanga. Kavaa masweta mawili na bado anatetemeka, na huu ni mwezi wa tatu tu. Nikamwambia baridi yenyewe haijaja. Hakucheka.

Kasoma majalada yangu ya kesi zilizokufa. Ni mengi. Ananiuliza kwa nini wanawake wote humu wanaongea sawasawa, maneno yaleyale, kama wamekaririshwa. Nikamjibu ndivyo tulivyofundishwa kuandika. Akasema niandike mtu anavyosema mwenyewe. Mengine kayarudisha na alama nyekundu, utadhani mimi ni wa darasa la nne.

Nimekasirika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nikajisemea, ngoja tumwone mwezi wa sita. Halafu mchana nikamkuta kakaa peke yake kwenye benchi la nje, hana wa kula naye. Nikampelekea viazi na chai. Moyo wangu huu siuelewi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeitwa nikiwa kanisani, mahubiri hayajaisha. Sesilia. Namjua kwa kazi yake, ana mashine ya kufuma masweta ya shule karibu na soko, hata la binti yangu kalifuma yeye. Hajafika miaka ishirini na mitano. Kaletwa na jirani yake, Mama Tuma, aliyemkuta jana jioni amesimama mlangoni kwake, anashindwa kuingiza ufunguo kwenye kitasa. Amebakwa. Naandika neno lenyewe, maana kituoni kwetu watu wanapenda kulizungukia.

Hospitali kwanza. Zamani ningemkalisha asubiri fomu, fomu isubiri mhuri, mhuri usubiri mwenye ufunguo wa droo arudi kutoka kula. Leo nimempeleka moja kwa moja, makaratasi yamefuata baadaye. Daktari wa zamu naye alikuwa na maagizo yake. Hakuuliza karatasi.

Kisha chumbani. Mlango nimeufunga. Kasema mara moja, mwanzo mpaka mwisho, nami nimeandika alivyosema. Aliponyamaza, nimeandika kwamba alinyamaza. Kamtaja mtu. Festo, dalali wa viazi, kila mtu Makambako anamjua. Mama Tuma anasema jina hilohilo alitajiwa jana pale mlangoni, kabla Sesilia hajasema kingine chochote.

Nimempigia Rehema, Jumapili ya watu. Kapokea mara moja. Kasema hilo la kumtaja palepale ndiyo nguzo ya nyumba, Mama Tuma asitupotee.

Wakati wa kuondoka Sesilia aliniuliza kama itabidi ayaseme tena kwa mwingine hapa kituoni. Nikasema hapana. Sijawahi kumpa mtu jibu hilo likawa kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Festo kakamatwa kwenye magunia yake. Daudi ndiye kamleta. Simu ya mkuu wa kituo haikupoa mchana kutwa. Kijana mzuri. Anachangia kanisa. Anamsomesha mdogo wake. Mkuu anawapa wote jibu moja: jalada liko kwa mwendesha mashtaka tangu jana, halimo mikononi mwangu. Zamani hakuwa na jibu hilo. Nimemwona anapumua.

Ijumaa, 14 Machi

Mahakamani Njombe. Festo kasomewa shtaka, kakana, kapata dhamana. Sheria ndiyo hiyo. Jioni nimerudi na basi dogo, Kosta, naye kapanda hilohilo. Kamwene, Afande. Kanisalimu kabisa. Nikaitikia. Mdomo umeitikia wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa huku, mtu akikusalimu huwezi kumtazama kama ukuta.

Nimefika nyumbani nikasukutua.

Jumanne, 1 Aprili

Wameanza. Mama yake Festo kapanda mpaka Lupembe kwa baba yake Sesilia, kafuatana na wazee wawili. Wamebeba blanketi jipya na jogoo. Tuyamalize nyumbani, vijana hawa, mbona hata kuoana wanaweza. Habari nimepewa na Mama Tuma, ambaye habari humfikia kabla haijatokea.

Mama Festo mwenyewe si mtu mbaya. Mpole, hana makuu, msibani ndiye anayeamka wa kwanza kuwasha moto. Hilo ndilo linalonitisha. Mbaya angefukuzwa mlangoni.

Najua inavyokwenda. Blanketi likipokelewa kesi imezikwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Baba yake Sesilia kaja. Kapata lifti ya lori la kiwanda cha chai lililokuwa linashuka, bado kavaa koti lake la mvua la shambani. Blanketi kalibana kwapani. Nikamwekea kiti, hakukaa.

"Mwanangu mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia anataka kwenda mahakamani. Akasema basi. Kaenda kulirudisha blanketi kwa wenyewe, kwa mkono wake. Jogoo, kasema, alimtoroka njiani. Sijui kama ni kweli na sitaki kujua.

Nimefurahi mpaka nikamnunulia Daudi soda.

Jumatatu, 19 Mei

Kesi ni kesho. Wito umewafikia wote. Nguo za Sesilia za ushahidi ziko kwenye bahasha, zimefungwa vizuri. Daktari kathibitisha. Rehema kanipigia asubuhi, kanipigia mchana, na sasa hivi tena. Namtania kwamba kesi hii ni arusi yake. Majalada yetu hayajawahi kupangika namna hii. Nina matumaini na naogopa kuyaandika.

Jumanne, 20 Mei

Imeharibika.

Mahakama inaanza saa tatu. Gari la uhakika la kutufikisha mapema ni Kosta ya saa kumi na mbili. Basi tukapanda wote. Mimi, Sesilia na Mama Tuma. Festo, mama yake na mjomba wake. Haikuwa njama ya mtu. Ndivyo kila mwenye kesi Njombe anavyosafiri miaka yote, aliyelalamika na aliyelalamikiwa magoti yanagusana. Nilikaa nyuma na jalada mapajani, kichwa kimeshafika mahakamani.

Mtwango gari likasimama. Mama Festo akanunua mahindi ya kuchemsha dirishani, akaanza kugawa siti kwa siti, kama mama anavyogawa. Mama Tuma akapewa. Akapokea kwa mikono miwili. Angefanyaje? Mtu mzima kakunyooshea chakula, kakuita mwanangu, gari zima linatazama. Huku hukatai. Na ukishakula umekula. Huwezi kwenda kusimama mbele ya hakimu ukamfunga mwanawe, punje zake bado ziko kwenye meno yako.

Kisha akamgeukia Sesilia na hindi lingine. Sesilia akainuka, akapenya katikati ya watu, akashuka. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshavuka barabara, anapungia magari ya kurudi Makambako. Nikamwita. Hakugeuka. Kondakta anapiga bati, hakimu anangoja. Nikabaki kwenye gari. Sijui kama nilichagua vizuri.

Rehema aliomba kesi iahirishwe. Hakimu kakubali, kapanga tarehe 8 Julai, na kasema wazi: siku hiyo mashahidi wasipokuwepo ataifunga. Kwenye korido Mama Tuma kanishika mkono, kasema kichwa kinamgonga, na labda jioni ile hakusikia vizuri jina. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Festo hakucheka wala nini. Alifunga vifungo vya koti akaenda zake. Afadhali angecheka.

Nimerudi na gari la mchana, peke yangu. Nimelia, kisha nikaosha uso, nikaingia kazini.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda kwa Sesilia. Nilimkuta kwenye mashine, anafuma sweta la kijani la shule. Hakuacha kazi. Nikakaa kwenye gunia la nyuzi nikangoja. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kwamba mahakama haitishi, hakimu ni mtu mzuri, milango itafungwa. Maneno mengi. Hakuyahitaji.

"Siogopi mahakama, Afande. Naogopa lile gari."

Kasema pale alipokaa alikuwa anasikia harufu ya Festo. Kasema mama yule akimpa hindi, na yeye akakataa, atakuwa mtoto asiye na adabu mbele ya watu wote, akipokea, amekwisha. Kwa hiyo akashuka.

Nimerudi nikayatoa yale majalada yaliyokufa. Shahidi hakutoa ushirikiano. Shahidi hakutokea. Mlalamikaji ameomba kuondoa shauri. Mwandiko wangu mwenyewe. Kesi zetu hazikufia mahakamani. Zilifia kati ya hapa na Njombe, zingine nikiwa siti ya nyuma nasinzia.

Nimempigia Rehema. Nikamweleza la gari. Akasema ameandika hati za wito miaka yote hii na hajawahi kuuliza mtu anafikaje. Nikamwambia mimi nilikuwa ndani ya gari na sikuuliza vilevile.

Alhamisi, 29 Mei

Tumekaa kikao kwenye chumba chetu cha grisi. Mkuu wa kituo, Rehema, mimi, Daudi kaletwa aandike muhtasari. Mkuu anasema gari la kituo ni moja, linabeba mahabusu, haliwezi kubeba na mashahidi. Rehema anasema ofisi yake haina hata hilo. Chai imepoa.

Daudi, ambaye mimi nilimwona mtu wa baiskeli tu, kainua kichwa. Kwani lazima wasafiri siku ileile? Yeye ni mwanakwaya wa Wakatoliki, wakienda Njombe kwenye sikukuu hulala hosteli ya masista. Safi, kuna geti, mtu hapiti hovyo. Waondoke jana yake, na gari la mchana.

Jambo lenyewe dogo hivyo. Nilitaka kumkumbatia nikakumbuka cheo changu.

Mkuu kalitia saini liwe agizo la kituo: shahidi wa kesi za namna hii hasafiri gari moja na mshtakiwa. Rehema ataomba mahakamani chumba cha kungojea, wasikae tena kwenye ukumbi wa nje na ndugu wa Festo. Hosteli inalipwa vipi, watajuana yeye na mkuu. Mimi nimelala mchana huo dakika chache kwenye kiti. Sijawahi kusinzia kazini kwa raha namna ile.

Jumanne, 10 Juni

Baridi imefika kweli. Rehema sasa masweta matatu na soksi za mkulima. Simcheki tena. Yaani namcheka, lakini mbele yake.

Limebaki la Mama Tuma. Ananikwepa. Sokoni kaniona akageukia kwenye dagaa za Manda, anachagua kama anachagua mkwe. Bila yeye nguzo haipo.

Jumamosi, 14 Juni

Umande umeganda kwenye kabichi zangu, zote nyeupe asubuhi hii. Nimesimama nazitazama, Mama Tuma huyo, kaja mwenyewe, shuka mbili begani. Kakaa jikoni karibu na moto. Nikamwacha apate joto.

Kumbe jana kaenda kwa Mama Festo. Kachagua viazi vyake vizuri kuliko vyote, vya mbegu, kajaza beseni, kajitwisha kichwani mchana watu wakiona. Kafika, kasalimu, kapiga goti, kalitua beseni kizingitini. Halafu akasema alichokwenda kusema:

"Mama, cha kwako nilikula. Na hiki cha kwangu ule. Sasa mdomo wangu ni wangu."

Mama Festo akapokea. Naye hakuweza kukataa. Ndiyo mila yenyewe, inakata kuwili. Akamrudishia beseni limeoshwa.

Nimecheka mpaka machozi. Kisha machozi yakawa ya kweli. Mama Tuma kaniambia nisimlilie, yeye hajafa, na kama kuna chai.

Nilipomweleza Rehema kwenye simu alipiga ukelele. Shahidi kaenda nyumbani kwa mshtakiwa! Nikamtuliza, nikamweleza beseni ni nini na hindi lilikuwa nini. Kasema sheria haina kifungu cha beseni. Kisha kasema sawa, ila asirudi tena huko. Nikamwambia hana haja ya kurudi. Wamemalizana.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, wengine wanapumzika. Sisi safarini, gari la mchana.

Sesilia kafika stendi mapema. Hakupanda mara moja. Alisimama mlangoni akatazama siti moja baada ya nyingine, uso kwa uso, mpaka mwisho. Hawamo. Akapanda. Njia nzima sindano za kufumia mkononi, mgongo haukugusa kiti. Mtwango gari liliposimama wauza mahindi wakaja dirishani, na mikono yake ikasimama. Mama Tuma akafunga kioo.

Hosteli ina harufu ya sabuni na kuni. Sista mmoja mnene kawapa maharage na akawaambia sala ni hiari. Mimi Mlutheri nimekula maharage ya Wakatoliki nikaongeza. Nimewaacha wamekaa kwenye jua la ukutani, Mama Tuma anasimulia jambo refu, Sesilia anafuma. Nina wasiwasi wa kesho. Sitaki waujue.

Jumanne, 8 Julai

Nataka kuandika yote lakini mkono umechoka. Naandika nilichonacho.

Tumeingia kwa mlango wa nyuma. Chumba tulichopewa ni cha kuwekea karatasi, kimejaa maboksi, kina hita ndogo. Hakuna aliyetuona. Nje, ndugu wa Festo wamejaa benchi zima, mama yake kabeba kikapu kimefunikwa kitambaa. Chakula. Aligeuka kila mlango ulipofunguka.

Kesi imesikilizwa faragha. Sesilia kasema. Sauti ndogo mwanzoni, hakimu akamwambia hana haraka naye. Ikapanda. Wakili wa Festo akataka kujua siku zake za nyuma, alikuwa na rafiki gani, alivaa nini. Rehema kasimama kabla mtu hajamaliza sentensi, na hakimu kalifuta swali. Nimekaa mahakama ile mara nyingi, sijawahi kuona swali lile linafutwa. Siku zote liliulizwa, likajibiwa, tukaenda nyumbani.

Mama Tuma aliulizwa alitajiwa nani pale mlangoni. Akajibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Festo. Hakimu akamwomba apunguze sauti.

Daktari kasema. Mimi nimesema. Mchana tumemaliza, wote, siku moja, hakuna kuahirisha.

Tulipotoka Mama Festo alikuwa bado pale na kikapu chake, kitambaa hakijafunuliwa. Hakuna aliyekuwepo wa kumpa. Nimemhurumia. Sioni aibu kuandika. Ni mama, na alichokuwa anafanya ndicho anachokijua. Lakini nilimpita.

Sesilia chumbani kwenye maboksi alikuwa amemaliza mkono wa sweta. Kauliza kama kuna maji ya kunywa. Alikunywa vikombe viwili bila kupumzika.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelala. Nimeamka. Nimelala tena. Mume wangu anauliza kama naumwa. Siumwi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo kaja mwanamke kutoka upande wa Igwachanya, kapanda bodaboda na Kosta, kapita vituo vya polisi vilivyo karibu na kwao. Kasimama mlangoni. Nikafikiri kapotea. Kisha kauliza kwa sauti ya chini kama hapa ndipo penye chumba. Nikasema ndipo. Nikafunga mlango. Daudi, bila kuambiwa, kaenda kusimama nje kuzuia watu, kakunja mikono kama askari wa kweli.

Hukumu ya Festo ni mwisho wa mwezi. Utetezi wao umekwisha, alisema hakuwepo, mjomba akaunga mkono, Rehema akamuuliza mjomba maswali mepesi na mjomba akawa mahali pawili kwa wakati mmoja. Sitabiri. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini safari hii sisi tulikuwepo.

Ijumaa, 29 Agosti

Ametiwa hatiani. Miaka thelathini, kama sheria inavyosema.

Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi, nililegea. Kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na shingo bado inadhani umo. Miaka thelathini ni maisha ya mtu, na Festo alionekana mdogo ghafla. Sijutii hata kidogo. Yote mawili yamo ndani yangu na yanakaa pamoja.

Mama Festo aliishiwa nguvu pale nje. Aliyemshika asianguke ni Mama Tuma. Akamkalisha, akamlegeza kitambaa cha kichwa, akampepea kwa kanga yake. Ndugu wa Festo wakatazama pembeni.

Baba yake Sesilia kashuka Lupembe tena. Kanishika mkono kwa mikono yake miwili, viganja vigumu. Sesilia kaniuliza, imekwisha? Nikamwambia wanaweza kukata rufaa, hilo ni la Rehema na makaratasi yake, ila yeye hatasimama tena kusema. Akasema basi imekwisha.

Rehema kavua sweta moja. Kasema ni joto. Halikuwepo joto lolote.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilikuwa Njombe kumpelekea binti yangu mahitaji ya shule. Narudi na Kosta ya mchana. Kukavu, vumbi linaanza.

Stendi nikamkuta Sesilia na mfuko wa nyuzi, mpya, rangi ya bluu. Shule moja imemwagiza. Tukakaa, yeye dirishani, mimi pembeni yake. Gari linakaribia kuondoka akapanda Mama Festo. Kavaa nguo za kwendea mbali. Sikuuliza katoka wapi, gerezani wanaruhusu kutazama watu siku fulani. Alitukuta hapo, hakuna pa kukwepea. Sesilia akamsalimu kwanza. Kamwene, mama. Akaitikia kamwene. Akapita akakaa nyuma kabisa.

Mimi ndiye niliyekauka. Nilishika siti ya mbele kama dereva.

Mtwango tumesimama, wauzaji wakaja na karanga na viazi vya kuchemsha. Nikasikiliza nyuma. Hakuna aliyenunua. Nikamgeukia Sesilia nimuulize kama anataka karanga.

Kalala. Kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo, mfuko wa nyuzi umemteleza mpaka magotini. Mikono imelegea.

Kondakta akaja kukusanya nauli, akanyoosha mkono amguse bega. Nikamwambia amwache, tunashuka wote Makambako, nitamwamsha mimi.